Jiko la Bimdogo

Aliyetaka ukaguzi ni Bahiya mwenyewe, na watu wa Kota za Magunia watakwambia hivyo hata leo ukiwauliza, maana ni jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale. Mke mkubwa kwenda kwa sheikh kudai kwamba nyumba yake na nyumba ya mke mwenzake zipimwe na fundi, chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta, ijulikane kama mume wao amefanya uadilifu au amependelea. Wapo waliosema amepata wazo zuri. Wengi walisema wivu umempanda kichwani, na hao hawakukosea.

Mumewe ni Matar, mwenye duka la vitambaa hapo Temeke, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mpole wa ulimi na mvivu wa mikono. Walikuwa wameishi miaka ishirini na sita katika kota ya zamani ya kiwanda cha magunia. Kiwanda chenyewe kilishakufa. Limebaki dohani lisilotoa moshi na ukuta mrefu uliobandikwa matangazo ya waganga na ya vyuo vya udereva. Lakini nyumba kilizowajengea watu wake bado zimesimama safu nne, na kilipofungwa ziliuzwa. Baba yake Matar, aliyekuwa akiwauzia wafanyakazi sukari na mafuta ya taa pale getini, aliwahi kununua moja kati ya zile za wahandisi, akampa mwanawe akaolee.

Miaka mitatu nyuma Matar akanunua kiwanja palepale, lilipokuwa bohari la kiwanda, mtaa wa tatu kutoka kwa Bahiya. Akajenga. Nyumba ilipofika kwenye bati akasema ni ya kupangisha. Ilipofika kwenye rangi akasema anaoa. Mwanamke anaitwa Ahlam, wa Manzese, mjane wa miaka thelathini na moja, mshonaji aliyekuwa akinunua vitambaa pale dukani. Bahiya hakupiga kelele. Alimwambia mumewe, "Sheria inakuruhusu, sina la kusema," kisha akamlisha ugali siku tisa mfululizo, mtu ambaye bila wali hahesabu kama amekula.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na Bahiya alikuwa na hakika kwamba aliyetunga methali hiyo alikuwa mke mkubwa. Ile nyumba mpya ilimkaa kooni. Bati la kijani, madirisha ya alumini, baraza lenye marumaru zinazong'aa hata mawingu yakitanda. Akienda sokoni alipita njia ya mbali ili aione, kisha akarudi kwake akazitazama kuta zake za zamani na mlango wa uani ambao mpaka uunyanyue ndio ufunge. Akajisemea kwamba mie nimewekwa stoo.

Alijua vizuri kwamba mwenye wake wawili analazimika kuwalinganisha katika malazi, chakula, mavazi na zamu. Moyo haumo. Moyo hakuna sheikh anayeweza kuupima, na Bahiya alishakata tamaa ya kuuliza habari zake. Lakini ukuta unapimika. Alichotaka ni kusikia mbele ya watu, kwa kinywa cha mtu mwingine, kwamba amedhulumiwa. Akishasikia hivyo, Matar ampe ile nyumba mpya, na huyo bimdogo aje kuunyanyua huo mlango.

Sheikh Farhan alimsikiliza, akakuna ndevu, akamwita Matar. Matar akasema hana pingamizi. Ikapangwa kwamba fundi azikague nyumba zote mbili siku ya Alhamisi, na Jumapili wakutane barazani kwa sheikh kusomewa, na kitakachosomwa kitafuatwa na wote.

Fundi alikuwa mzee Mwinshehe, Mzaramo mwenye magoti mabovu, aliyeshika mwiko tangu ujana wake mpaka magoti yakakataa ngazi. Siku hizi wanaotaka kununua nyumba humchukua aziangalie kwanza, na anajulikana kwa kitu kimoja: haongopi, hata umpe pilau.

Bahiya alimpa pilau.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, bibie. Tuanzie jikoni. Nyumba huzeekea jikoni na chooni."

Bahiya alikuwa amejiandaa. Hakuifuta dari iliyoingia doa, na chini ya doa hilo akaweka ndoo, ingawa masika nne zilikuwa zimepita bila tone kuanguka pale. Mzee Mwinshehe akaitazama ndoo, akaitazama dari, akaisogeza ndoo kwa mguu ikalia kavu. Akaanza kugonga kuta kwa kifundo cha kidole, akitega sikio.

"Unasikia? Mlio mmoja kutoka chini mpaka juu. Hakuna shimo hapa."

"Bomba linadondoka, mzee. Miaka kumi na mbili."

"Nimeliona. Mpira umekwisha."

"Na mlango wa uani."

"Bawaba."

Akamulika tochi darini, akaona mbao za mninga ambazo hazijaliwa hata na mchwa mmoja. Akateremsha timazi, kamba yake ya kupimia wima, kwenye pembe ya ukuta, kamba ikalala sambamba na lipu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Alimwonyesha ule mkanda wa zege unaoizunguka nyumba nzima juu ya madirisha, na unene wa kuta, akasema siku hizi hata ghorofa haijengwi hivi.

Bahiya alianza kukereka. "Mbona unasifu tu, mzee? Andika na mabovu."

"Nimeandika. Bomba, bawaba, doa la zamani. Ni kazi ya nusu siku kwa mwanamume mwenye bisibisi. Mwenye nyumba hana?"

"Mume wangu si mtu wa vyombo," Bahiya akasema. "Balbu ikiungua anaitwa fundi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ishirini na sita Matar hakupigilia msumari. Bahiya alimwomba rafu ya kuwekea viungo tangu mtoto wao Jawad anatambaa, na Jawad sasa ana mke Tanga, rafu haijaja. "Mwite fundi, mama Jawad," ndilo jibu. Bahiya alikuwa ameshalizoea. Kila mtu na maumbile yake, alijiambia, na wa kwangu kaumbwa bila mikono.

Wakaenda mtaa wa tatu. Ahlam aliwapokea mlangoni, mimba ya miezi mitano ikimtangulia, akainama kumsalimu Bahiya kwa adabu zote. "Karibu, bimkubwa. Karibu, mzee. Nimetengeneza ukwaju."

Bahiya aliupokea ukwaju, akaunywa kwa sababu ya kiu, na ukawa mtamu, jambo lililomuudhi.

Sebule haikuwa na makuu. Mzee Mwinshehe alisema fundi aliyejenga sehemu ile alikuwa na haraka lakini alijua kazi. Marumaru mbili tatu zililia uvungu, madirisha hayakukaa sawasawa. Vyumba viwili vya kulala vilikuwa hivyohivyo, vya kawaida. Bahiya akahesabu moyoni: feni ya dari, mie sina, kabati la ukutani, mie sina. Kisha wakaingia jikoni.

Mzee Mwinshehe akasimama mlangoni, hakugonga kitu. Akateremsha timazi. Ukuta ulikuwa umeiacha kamba kwa vidole vitatu. Juu ya dirisha palikuwa na ufa unaopitisha sarafu, na hapakuwa na zege lolote la kubeba tofali zilizokaa juu yake. Akakwangua lipu kidogo kwa ncha ya mwiko, akaona kiungo cha tofali kimekaa juu ya kiungo kingine, na kingine juu yake, mstari mmoja mpaka juu, kitu ambacho fundi yeyote hukatazwa siku ya kwanza kazini.

"Hapa hapakujengwa na fundi," akasema.

"Kumbe na nani?" Bahiya akauliza, na roho yake ikaanza kuchangamka. Ameibiwa, mjinga Matar. Kapewa vibarua.

"Na mtu anayejifunza. Tazama. Kozi za chini, hii mistari ya tofali, zote zimepinda. Huku juu anaanza kupata pata. Na hii lipu ya pembeni hakuipiga kwa ubao, kaisawazisha kwa kiganja. Hana haraka huyu. Karudia, karudia." Akaipapasa ile pembe. "Hajui kazi, ila kaipenda."

Ahlam akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Mzee una macho. Ni yeye mwenyewe. Yule fundi alimaliza vyumba akaondoka, na mie nilikuwa nimesema nataka jiko linaloangalia uani, nipate mwanga wa kushonea huku naangalia chungu. Basi akasema hilo atanijengea yeye. Alikuwaga anakuja Ijumaa mchana na Jumapili, mwezi wa pili mpaka wa saba. Kaniapisha nisimwambie mtu, anaona haya, unavyouona umepinda."

Bahiya akairudia moyoni. Mwezi wa pili mpaka wa saba. Aliikumbuka miezi hiyo. Matar alikuwa akirudi jioni na viganja vimepasuka, vidole vimekauka kama vya mchuuzi wa chokaa, akisema ni kamba za majora ya vitambaa, mzigo mpya umeingia. Na yeye Bahiya alikuwa akimkalisha mkekani, akichukua mafuta ya nazi, akimpaka kiganja kimoja, kisha cha pili, akimwonea huruma. Akimwambia atafute mpagazi. Alikuwa anamtibu mikono ili Ijumaa inayofuata iweze kumjengea mwanamke mwingine jiko.

Wivu aliokuwa nao mpaka saa ile, wa bati na marumaru, uligeuka mchezo wa watoto. Alikwenda kwenye ile pembe, akaweka kiganja chake penye alama ya kile kiganja. Ukuta mbovu kuliko kuta zote za Temeke, na yeye angetoa nyumba yake yote, na mninga wake, na mkanda wake wa zege, apate ule mmoja.

"Ipi bora, mzee?" akauliza walipotoka nje, ingawa alijua.

"Yako, bibie. Haina mfano. Hii ya huku, jikoni, mimi nisingemruhusu mtu akae."

Alikuwa amekuja kutafuta dhuluma, na amepewa ushahidi kwamba anakaa pazuri kuliko mwenzake. Alirudi nyumbani, akaitoa ile ndoo akaipeleka bafuni, akakaa kitandani mpaka adhana ya alasiri. Alijaribu kulia, machozi hayakuja. Usiku ule ilikuwa zamu yake, na Matar alipofika alimtengea wali, akamtazama anavyoumega kwa vile vidole, na hakumuuliza kitu. Aliogopa jibu.

Jumapili asubuhi walikaa barazani kwa Sheikh Farhan: sheikh, fundi, Matar na wake zake wawili. Mzee Mwinshehe akafungua daftari lake la shule, akasoma. Alipofika kwenye jiko alisoma polepole, bila kutaja nani alijenga, na Matar akawa anahesabu nyuzi za mkeka.

Sheikh akafikiri. "Kwa hiyo aliyepungukiwa ni Ahlam."

"Ndiyo hivyo," mzee Mwinshehe akasema.

"Nitarekebisha," Matar akasema haraka. "Nitaliziba mwenyewe taratibu. Ijumaa na Jumapili."

Na Ahlam, macho chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mie hata hivyo silalamiki. Jiko nalipenda hivyohivyo."

Bahiya aliliona tabasamu lake. Lilikuwa dogo, la kuficha, na lilimchoma kuliko kama angemtukana. Zile Ijumaa zinarudi. Na zinarudi kwa mkono wake yeye, aliyeleta fundi, aliyeleta sheikh.

"Hapana," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Huyu ana mimba. Ukuta umeachana na kamba vidole vitatu, mzee kasema mwenyewe asingemruhusu mtu akae. Unazibwa nini hapo? Mvua za vuli ziko mlangoni. Mie nasema ubomolewe. Wote, mpaka msingi. Na ajenge fundi anayejua kazi, si mtu wa duka." Alisikia sauti yake ikitetemeka, akaiacha itetemeke. "Tulikubaliana kitakachosomwa kitafuatwa."

Kisha Sheikh Farhan akanyanyua mikono akamshukuru Mungu, akasema wake wakubwa wangekuwa hivi wote, kesi za ndoa zingepungua nusu. Aliyekuja kudai haki yake anaondoka akimdaia mwenzake! Akasema atalieleza hili msikitini. Ahlam akajivuta pale mkekani, akauchukua mkono wa Bahiya akaubusu, na machozi yalikuwa ya kweli. Matar akamtazama mkewe mkubwa kwa namna ambayo hakumtazama siku nyingi, kwa heshima.

Bahiya akayapokea yote hayo kama mtu anayepokea zawadi iliyokosea mlango. Hakuna alilolisema lililokuwa uongo. Ukuta ulikuwa hatari, mimba ilikuwa ya kweli, mvua zilikuwa karibu. Ila yeye alichokitaka ni kuuona ukianguka.

"Mzee Mwinshehe, utaifanya wewe hiyo kazi?" sheikh akauliza.

"Nitaifanya. Magoti tu haya. Kozi za juu nitataka mkono wa kunisaidia."

"Utapatikana," sheikh akasema, na mambo yakaishia hapo.

Jumanne asubuhi Bahiya alikwenda mapema na chupa ya chai na vitumbua, watu wakasema tazama moyo wa mwanamke yule. Akawekewa kiti uani. Nyundo ikaanza. Ukuta haukusumbua, pale penye ufa ulifunguka wenyewe, tofali zikashuka mafungu mafungu, vumbi likapanda. Ile pembe iliyopigwa kwa kiganja ilianguka nzima, ikavunjika vipande vitatu. Bahiya akahisi kifua kinapungua uzito, akajimiminia chai. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kuona ladha ya sukari.

Saa nne Matar akatokea. Bahiya alishangaa, maana saa nne ni saa ya wateja, na duka lile halikuwahi kufungwa saa nne. Siku alipozaliwa Jawad lilifungwa adhuhuri, na alasiri likafunguliwa. Matar alisimama mbele ya kifusi, mikono kiunoni. Bahiya akamngojea akasirike. Alikuwa ametayarisha na maneno ya kumjibu.

Matar akacheka. "Alhamdulillahi. Ule ukuta ulikuwa unaniaibisha kila nikiingia. Nilikuwa naona mwenyewe umepinda, sikujua wapi nilikosea." Akavua kanzu, akabaki na fulana na msuli, akamwendea mzee Mwinshehe. "Mzee wangu, ulisema unataka mkono. Nifundishe."

Na mzee Mwinshehe, ambaye katika maisha yake hajamkatalia mtu anayetaka kujua kazi, akamfundisha. Akamwonyesha tofali inavyoloweshwa kwanza isinyonye maji ya saruji. Akamwonyesha kamba inavyovutwa, kiungo kinavyofunikwa na tofali ya juu, mwiko unavyogeuzwa kwa kifundo cha mkono na si kwa bega. Alimvunjia kozi ya kwanza mara mbili. Matar alirudia mara mbili, bila kununa, jasho likimtoka. Ahlam alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akiwapimia maji kwa kopo, na kila tofali ikikaa vizuri Matar alinyanyua macho.

Bahiya alikaa pale mpaka chai ikapoa. Angeweza kuondoka, lakini miguu haikutaka. Aliona kozi ya tatu ikipanda, ya nne, ya tano. Zilikuwa nzuri. Mwanamume aliyeumbwa bila mikono alikuwa na mikono, na yeye ndiye aliyemtafutia mwalimu, kwa baraka za sheikh.

"Da Bahiya, sogea huku kivulini, jua linakupiga," Ahlam akasema.

"Hapa panatosha."

Alasiri mzee Mwinshehe akaweka mwiko chini, akanyoosha mgongo. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa dirisha. "Bimkubwa," akaita, "aliyetaka ukaguzi ni wewe. Njoo utazame kwa jicho lako, kisha utuambie."

Bahiya akainuka. Akasimama mwisho wa ukuta, akafumba jicho moja. Ulikuwa mstari mmoja mwembamba tangu hapa hata kule, hauna tumbo wala mgongo. Matar alikuwa amesimama kando yake, saruji imemganda nyusini na kwenye ndevu, akimtazama mdomo. Bahiya hakukumbuka lini mara ya mwisho mume huyu alingoja neno lake namna ile.

"Umenyooka," akasema.

Uso wa Matar ukafunguka, akageuka kumtazama Ahlam.